Boliti Tisa za Shoto

Mume wangu alipewa jina la Shoto kabla sijamjua, nami nikalikuta tayari kama nilivyolikuta kovu lake la kidevuni. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, na kwenye gereji alikofanya kazi miaka ishirini na sita mafundi wenzake walikuwa wakisema boliti aliyoifunga Shoto haifunguki hata kwa dua. Kuna spana ya kipimo, ambayo hutoa mlio boliti ikishafika kiwango chake. Wenzake waliitumia. Yeye aliwapisha huku akicheka. "Mkono unajua," ndiyo ilikuwa kauli yake, na mimi ilinikera, kwa sababu aliisema hata akitia chumvi kwenye mboga.

Basi mkono huo ndio ulioondoka. Asubuhi moja alikuwa kwenye sinki akipiga mswaki, kikombe kikaanguka. Akakitazama pale chini kana kwamba kimeangushwa na mtu mwingine. Nikaanza kumgombeza, maana kilikuwa kikombe changu, kisha nikaona mdomo wake umekwenda upande. Hospitali wakasema ni kiharusi. Daktari, mtu mpole sana, alinieleza kwa muda mrefu, na mimi nikawa nahesabu vigae vya dari nyuma ya kichwa chake. Vilikuwa sitini na vinne. Watu walikuja kunisifu eti nimejikaza. Sikujikaza. Hakukuwa na kitu ndani yangu cha kukaza. Kazi yangu ni ususi, nasukia watu barazani kwangu, na niliendelea kusuka. Jioni nilikwenda kumlisha uji, nikarudi, nikalala, kukakucha tena.

Baada ya miezi minane mguu ulikuwa umerudi. Mdomo nao ulirudi, na ujeuri wake wote. Mkono wenyewe ulirudi nusu: unafunguka, unafumba, unashika kikombe ilimradi anautazama. Akiangalia pembeni, hajui kama ameshika kikombe au hewa. Umekufa ganzi kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kucha. Kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, dada wa pale alikuwa akimfumba macho kwa kitambaa na kumwekea kitu kiganjani.

"Hiki nini, mzee?"

"Ufunguo."

Sarafu.

"Na hiki?"

"Sarafu."

Kilikuwa kifungo cha shati. Wiki iliyofuata akapatia vyote vitano, dada wa watu akapiga makofi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Shoto akaniambia kwamba alikuwa anasikiliza mlio wa kila kitu kinapookotwa mezani. Nikamwambia, "Hongera, umepasi mtihani wa masikio."

Bosi wa gereji alikuja kumjulia hali mara mbili. Mtu muungwana, alileta matunda na hakukaa sana. Alisema nafasi ya Shoto ipo pale pale, na kwamba yeye hatataka barua ya daktari. "Siku utakayoniambia mkono uko tayari, nitakuamini," alisema. "Neno lako linanitosha."

Nilimtazama mume wangu aseme kitu. Alikuwa anautazama mkono wake. Bosi alipoondoka, akajiwekea mtihani wake mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yetu, chini ya banda la mabati, kulikuwa na gari lake dogo la zamani, la milango minne, la wale wapenda mwendo, pua ndefu na viti vinavyokubana mbavu. Injini yake ilikuwa imepasuka miaka mitatu nyuma. Pembeni yake, ndani ya turubai, ilikaa injini nyingine aliyoinunua alipokuwa mzima, iliyotoka kwenye gari la kiwanda kile kile lakini mpya zaidi kwa miaka kumi na miwili: nyepesi zaidi, yenye nguvu zaidi, na inayoongozwa na kompyuta. Alikuwa akisema ataiingiza akipata nafasi. Sasa nafasi ilikuwa tele.

"Nitaiingiza mwenyewe," akaniambia. "Gari likitoka getini kwa nguvu zake, namwambia bosi niko tayari. Lisipotoka, boksi la spana achukue mdogo wangu, na mimi nimemalizana na kazi hiyo."

Mdogo wake, shemeji yangu, naye ni fundi magari. Alikuja wiki hiyo hiyo, macho yamemtoka.

"Kaka, mimi boksi lako silitaki."

"Leo hulitaki. Litakapokuwa mlangoni kwako utalitaka."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, sema naye basi."

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Mimi nasuka tu."

Lakini nilijua vizuri kilichokuwa kimewekwa mezani. Shoto bila boksi lile ni nani? Mtu wa kukaa barazani na kuwasalimia wateja wangu. Nilikuwa nimeshaona wanaume wa namna hiyo, wanaanza kwa kusoma magazeti ya jana, wanaishia kugombana na kuku wa jirani.

Lazima niseme ukweli: nusu ya kwanza ya kazi aliifanya vizuri kuliko wazima wengi. Injini iliyopasuka aliitoa kwa mnyororo wa kunyanyulia uliofungwa kwenye boriti ya banda, akiuvuta kwa mkono wa kulia, pumzi kwa pumzi. Injini ngeni haikukubali vikalio vya zamani, vile vyuma vya kuishikilia, basi akachora vikalio vipya kwenye maboksi ya nywele zangu za bandia, akakata kwa mkasi wangu mzuri, tukagombana kuhusu mkasi, na fundi wa kuchomelea pale kwenye kona akavitengeneza kwa chuma. Waya za ile kompyuta alizitandaza sebuleni. Kwa wiki mbili tulikwenda jikoni kwa kuruka. Kila waya aliubandika karatasi na jina lake, na akikosea alirudi mwanzo bila hasira. Waya zinahitaji macho, na macho yake yalikuwa mazima. Siku moja nikamsikia anapiga mluzi. Nikajiambia, haya, furahi sasa, mumeo anapiga mluzi. Nikaisubiri hiyo furaha mpaka nikamaliza mstari mzima wa msuko. Haikuja.

Taabu ilianza mahali ambapo macho hayafiki. Banda letu ni fupi, kwa hiyo injini na gia boksi zikiwa zimeunganishwa zisingepita juu ya pua ya gari. Ilibidi gia boksi itangulie kwa chini, injini ishushwe baadaye, halafu viunganishwe humo humo ndani kwa boliti tisa. Za chini alizifunga akizitazama. Za juu ziko nyuma ya injini, kwenye mwanya ambao mkono wa kushoto unapita na hakuna kingine kinachopita. Kioo kidogo chenye mpini kilimwonyesha boliti, lakini mkono ukiingia unaziba kila kitu. Spana ya kipimo nayo haiingii. Pale fundi anafanya kazi kama mimi ninaposuka kisogoni kwa mteja aliyelala, vidole vinatangulia na akili inafuata. Na vidole vyake havikuwa na habari yoyote ya kumletea.

Alikaa na boliti moja siku nzima. Nilikuwa namwona kutoka barazani, ameinama juu ya injini, bega la kushoto limezama ndani. Mchana nikampelekea maji. Nikaona kitambaa cheupe alichokitandika kwenye bodi ya gari kimekuwa chekundu.

"Unavuja damu," nikamwambia.

"Wapi?"

Hakuwa anatania. Alitazama mguu wake kwanza. Nikautoa mkono wake kule nyuma ya injini, na kidole cha shahada kilikuwa kimechanika hadi kwenye nyama nyeupe, yeye hana taarifa. Nikauosha, nikaufunga. Aliuangalia mkono ule wakati nikiufunga kama mtu anayemwangalia mtoto wa jirani akitibiwa.

"Muite mdogo wako akusaidie hizo za juu," nikamwambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa, na hilo nalisema kama msusi."

"Akifunga yeye, nani amefaulu?"

Nikamrudia mteja wangu.

Siku mbili baadaye aliniomba rangi ya kucha. Kwao gerejini, boliti ikishakazwa mpaka mwisho, fundi huichora mstari mdogo wa rangi kichwani. Maana yake imekwisha, na aliyeifunga anaibeba kwa jina lake. Rangi yake ilikuwa imekauka kwenye kopo. Nikampa chupa nyekundu ambayo wateja walikuwa wameikataa, nikamwambia asisahau kuipuliza ikauke. Jioni akaingia ndani, akanawa, akasema, "Tisa zote." Alikula kidogo, akalala.

Jumanne akaenda kliniki peke yake. Mteja akaja kutaka kucha nyekundu, ndiyo dunia, ile ile iliyokataliwa na wote. Nikaenda bandani kuitafuta chupa. Alikuwa ameisahau nyuma ya injini, kwenye kiambaza cha chuma kinachotenga injini na viti, na nilipoipapasa, kifundo cha kidole changu kikagusa boliti. Ikatikisika kama jino la mtoto wa miaka sita.

Nikasimama pale, mkono uko ndani. Nikaigusa tena. Nikaizungusha kwa vidole viwili na ikazunguka. Nikaichukua tochi na kile kioo chake. Ilikuwa na mstari mwekundu. Nikazigusa zote za juu, moja moja. Nne zilikuwa hazijakaza. Baadaye nilielewa jinsi ilivyotokea: spana ikigota kwenye bomba lililo karibu, mkono mzima unajua kwamba ni bomba, lakini mkono wake ulisikia kitu kimegoma, basi, ukadhani ndiyo mwisho wa boliti. Yote manne yalikuwa makosa ya aina moja.

Nikamwambia mteja anisubiri kidogo. Boksi lilikuwa wazi. Nikajaribu spana tatu mpaka nikapata inayoenea. Kukaza nikakaza kwa kipimo changu mwenyewe, kile kinachoniambia unywele umefika mwisho na ukiuvuta zaidi utakatika. Ya mwisho iliniuma kifundo cha mkono mpaka nikang'ata meno. Nikairudisha spana mahali pake, nikanawa kwa mafuta ya taa, nikaenda kupaka kucha za watu. Unadhani moyo ulinidunda? Haukudunda. Ningesema nilimwonea huruma ningekuwa naongopa. Nilifanya kama mtu anavyozima jiko.

Jumamosi injini ikawaka. Iliwaka mara ya tatu, ikakohoa, ikanyooka, ikanguruma kwa sauti nyembamba ambayo ile ya zamani haikuwa nayo. Shemeji alikuwepo, majirani walikuwepo, na mteja mmoja alikuja mbio na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Shoto akaingia, akafunga mkanda, akalitoa gari bandani, akapita getini, akazunguka mtaa wetu wote na kurudi. Aliposhuka uso wake ulikuwa umelowa. Shemeji akamkumbatia. "Kaka, boksi lako hilo, kaa nalo!" Watu wakapiga kelele. Mimi nikapiga vigelegele, maana ningekaa kimya wangeuliza. Koo lilitoa sauti lenyewe.

"Jumatatu naenda kwa bosi," akatangaza. "Nampa neno langu."

Jumapili baada ya chai akachukua kioo na tochi akaenda bandani. Sikushtuka. Sikujua kwamba injini ikishatembea kwa mara ya kwanza, fundi lazima aikague mistari yake. Mstari ule hauishii kwenye kichwa cha boliti, unaendelea mpaka kwenye chuma cha pembeni, ili boliti ikizunguka hata kidogo, mstari ukatike na fundi aone. Hilo linajulikana na kila anayefanya kazi gerejini. Mimi nilikuwa nimezungusha nne na kuikata mistari ya zote, na kwa ujinga wangu nilidhani rangi ni pambo.

Akaja akakaa mezani mbele yangu. Nilikuwa nachambua mchele.

"Ngapi?" akauliza.

"Ngapi nini?"

"Mke wangu, usinichoshe. Boliti ngapi zilikuwa zimelegea?"

Niliendelea kuchambua kwa muda. Kisha nikaona hakuna maana. "Nne."

"Ulizikaza lini?"

"Jumanne, ulipokwenda kliniki."

Akatikisa kichwa taratibu. "Gari limezunguka mtaa na gia boksi haijacheza. Umezikaza vizuri."

Hapo ndipo nilipolipuka. Sijui kwa nini sifa ndiyo iliyonichokoza. Nilisukuma sinia, mchele ukamwagika. "Sasa ulitaka nifanyeje? Nikupokee mlangoni nikwambie mkono wako umefeli? Miezi yote hii nakufunga vifungo vya shati! Ulikuwa unapiga mluzi!"

Akanisubiri nimalize. "Kesho ungeniacha niende?"

"Ndiyo."

"Nikafunge magurudumu ya watu."

"Ndiyo."

"Gari la mtu mwenye watoto nyuma."

"Nimeshasema ndiyo, Shoto!"

Na ilikuwa kweli. Ningemwandalia chai, ningempigia pasi ovaroli, ningemuaga. Nilijitazama nikisema ndiyo ile mara tatu, na nikaogopa, kwa sababu haikuniuma hata kidogo. Nilikuwa nimemcheka yeye kwa mkono wake, na mimi mwili mzima ulikuwa vile vile.

Alianza kuokota punje za mchele kwa mkono wa kulia, moja moja, akizirudisha kwenye sinia.

"Na mimi ningekwenda," akasema.

"Wewe ulikuwa hujui."

"Nilijua." Hakuinua uso. "Siyo kwamba zimelegea. Nilijua kwamba sijui. Boliti ya kwanza ya juu nilikaa nayo siku nzima na sikujua kama imekaza. Ya pili sikujua. Zote zile sikujua. Nikasema, aah, zitakuwa zimekaza. Nikaomba rangi."

Nikainama, nikaanza kuokota na mimi.

"Miaka ishirini na sita sijawahi kuchora boliti nisiyoijua. Mkono kufa ganzi ni ugonjwa, mtu hana kosa. Lakini ile mistari niliichora kwa mkono wa kulia. Ule mzima."

Tukaokota mchele wote.

Jumatatu asubuhi alimpigia simu mdogo wake, akaja. Walilibeba boksi wawili, mmoja kila upande, wakalipakia kwenye buti la lile gari. Shemeji alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Shoto akampa ufunguo, yeye akakaa kiti cha abiria, amevaa shati la kawaida ambalo nilikuwa nimemfunga vifungo.

"Simu ingetosha," nikamwambia dirishani. "Bosi angekuelewa."

"Angeniamini," akasema. "Ndiyo maana naenda."

Gari likatoka getini kwa nguvu zake. Nikarudi barazani, ambako mteja wa saa tatu alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ameshafumua nywele, ananisubiri. Nikagawa nywele, nikaanza mstari wa kwanza kule kisogoni. Injini bado ilisikika mbali, ikibadilisha gia kwenye kona, ikanyooka, ikapotea. Nikasuka wa pili na wa tatu.

"Dada," mteja akasema, "leo unanivuta mno. Unaniumiza."

Nikaangalia vidole vyangu. Vilikuwa vimekamata nywele zile kwa nguvu kiasi kwamba ngozi ya kichwa chake ilikuwa imeinuka. Nikamwambia samahani. Nikaachia, nikaanza upya, na machozi yakaanza kumdondokea kisogoni, mengi, wala sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Aliyasikia, hapana shaka. Akainamisha kichwa zaidi ili nimfikie vizuri.